Chumvi ya Kifuku

Iyunga, Mbeya
18 Mei 1975

Kaka yangu Limbu,

Pokea salamu zangu kabla hujakaa kusoma. Naamini umeamka mzima, wewe na shemeji Regina na watoto, na ng'ombe zote zimerudi zizini. Mimi huku Iyunga bado napumua. Kifua ndio kinanibana asubuhi kwa baridi na vumbi la magunia, lakini si cha kulalia. Hujambo basi? Na yule ndama mwenye kovu alipona?

Barua hii nimeandika mwenyewe, sikumpa karani. Ukikuta herufi zimelala huku na huku, ndivyo ulivyonifundisha mchangani, wewe ukitoka shule na mimi nikitoka machungani. Sikufika mbali. Darasa la pili baba alinitoa nikachunge, ili wewe uendelee, na sikuwahi kulalamika.

Nakuandikia kwa sababu ya mayu. Tangu mwezi wa pili kijiji kimemtenga mama yetu kwa ajili yangu, na nataka atolewe humo. Ngoja nianze mbali kidogo, maana wewe umezoea kunijua mtu wa kunyamaza, na kazi yangu ya huku hukuwahi kuniuliza vizuri.

Nilipoingia hapa ghalani Iyunga nilikuwa kuli tu. Tunashusha mzigo unaotoka ghala kubwa la Iringa, tunapakia wa kwenda maduka ya vijiji. Mtu asiyesema anaona mengi. Niliona kwamba huku kila mtu anadanganya na hakuna anayedanganyika. Duka linataka magunia kumi ya chumvi, linaandika ishirini, kwa sababu safari iliyopita lilipewa nusu. Bwana Philbert, meneja wetu, anajumlisha vijiji vyote halafu naye anazidisha mara mbili, kwa sababu Iringa watakata. Kule Iringa Bwana Silvester, ndiye mwenye kalamu nyekundu, akiiona karatasi ya Mbeya anacheka kwanza, halafu anakata anavyojisikia siku hiyo. Basi majembe yakaja mwezi wa sita watu wanavuna, tukayafanya viti. Viberiti vikaja mpaka maboksi yakagusa bati. Chumvi hakuna hata ya kuonja.

Nikaanza kupanda gari kwenda na mzigo. Dereva wetu ni Jailos, Mhehe, maneno yake hayaishi njia nzima, na tuligawana vizuri: yeye aseme, mimi nisikie. Kila duka nililitafutia kopo lake la maziwa. Kila gunia lililoisha naweka punje ya hindi. Kila siku ambayo duka limekaa bila chumvi naweka kokoto. Nikifika kijijini simuulizi mwenye duka ameuza ngapi, nawauliza kina mama wamekaa siku ngapi wanapika chapwa. Hao hawakosei. Jailos akaniuliza kama nimeanza uganga, na kama aniletee kuku mweusi au mwekundu atafaa.

Kaka, zile kokoto ndizo zilinifundisha. Duka lililouza magunia manne kwa wiki moja, halafu likakaa tupu wiki tatu, haliwezi kuwa linataka manne. Tena watu si sawa. Wasafwa wa huku juu wanataka chumvi ya chungu cha mboga tu, mwezi kwa mwezi ni ileile. Sisi wa bondeni, nyasi mbichi zikiota, ng'ombe zinaidai chumvi kama watoto wanavyodai uji, na huo ndio wakati gari haifiki. Kwa hiyo chumvi ya kifuku, ya miezi ya mvua, lazima ifike yote mwezi wa kumi na moja, kabla mbuga haijajaa maji, na ikae mpaka mwezi wa tano.

Siku moja Bwana Philbert alinikuta nahamisha kokoto, akadhani nacheza bao saa za kazi. Nilimwambia, macho chini, kwamba duka fulani la njia ya Chimala litaishiwa Jumanne. Jumanne mchana akaja mtu wao na baiskeli, amelowa jasho, anaomba chumvi. Kuanzia hapo akawa ananiita fundi. Akanichukua mpaka Iringa kwa Bwana Silvester. Yule mzee aliniuliza nimesoma chuo gani, nikasema sikusoma, akasema basi ofisini kwake leo ameingia msomi wa kokoto, wote wakacheka, na mimi nikaangalia viatu vyangu. Lakini alinisikiliza. Mwisho akasema vijiji vitakavyoomba kile kinachotakiwa kweli, hatavigusa kwa kalamu nyekundu. Vitapewa chote.

Ndipo nikaja nyumbani mwezi wa saba. Unakumbuka nilivyong'ang'ania benchi mbele ya mkutano, mpaka ukanisukuma mgongoni ili nisimame. Nikawaambia waombe thelathini tu, wasiandike sitini. Mzee Nkuba, ndiye anayeongoza mkutano, akasema mtoto anayeomba kidogo ndiye anayelala na njaa. Nikaapa kwa jina la mayu kwamba sidanganyi.  Halafu Mzee Nkuba mwenyewe akasema hajawahi kunisikia nikisema maneno zaidi ya matatu, kwa hiyo haya mengi lazima yawe ya kweli. Wakacheka, wakakubali. Na wewe, kwa vile ndiwe mwenye kusoma, wakakuachia duka na karatasi zake.

Mwezi wa nane tuliomba mizigo ya kawaida, ikaja yote. Wa tisa hivyohivyo. Vijiji vingine vikaanza kuniulizia kwa jina. Mwezi wa kumi na moja magunia thelathini ya kwetu yakafika Iyunga, hata moja halikukatwa. Nilipakia kwa mgongo wangu. Ulikuja mwenyewe kuyapokea, ukapanda mbele na Jailos, gari ikaondoka, na mimi siku hiyo nilijisikia kama mtu aliyemaliza kulipa mahari.

Kuanzia hapo sikupata habari mpaka mwezi wa tatu, kwa ajili ya maji. Ndipo akaja Kashindye, binti wa shangazi. Alitembea siku mbili mpaka barabara kubwa, akapata lori. Nilimkimbilia. Akatema mate chini kabla hajaniamkia. Akasema watu wa nyumbani wanataka kujua nimekula nini hapa mjini kilichonifanya niwauze. Kwamba duka lilipokea magunia tisa tu. Kwamba wewe uliwaeleza mkutanoni kuwa hayo tisa ndiyo yaliyokuja, kwa sababu mdogo wako aliwafundisha kuomba kidogo. Kwamba ng'ombe zinalamba kuta na kukimbilia mahali mtu alipokojoa, na watu wanaswaga mbuzi kwenye maji ya magoti mpaka Chimala kubadilisha mbuzi mmoja kwa debe moja la chumvi.

Na kwa kuwa niliapa kwa jina la mayu, adhabu ikamwendea yeye. Hakuna wa kumsaidia kulima, hakuna wa kumsalimia kisimani, na hakuna wa kumpa moto. Kaka, mimi nilikuwa nimesimama kwenye ghala lenye viberiti mpaka kwenye bati. Bwana Philbert akaniruhusu kununua boksi zima. Nikampa Kashindye ampelekee. Jibu la mayu nililipata baadaye: kwamba kiberiti anacho, alichokosa ni mtu wa kumpa moto.

Nilimuuliza Kashindye kama hata nyumbani kwa kaka moto haukutoka. Akaangalia pembeni. Akasema shemeji Regina alitaka kuupeleka jioni moja, wewe ukamrudisha na kigae cha makaa mkononi, ukisema mwenye duka hawezi kuonekana anawabeba wakosaji. Nikakutetea, kaka. Nikasema umebanwa, wewe unaishi nao, mimi niko mbali.

Ila tisa zilinikaa kichwani. Kokoto zangu zinaweza kukosea kwa gunia mbili, haziwezi kukosea kwa ishirini na moja. Nikaenda kwa Bwana Philbert, na kwa mara ya kwanza nikamwangalia usoni, nikamwambia chumvi ya kwetu imeliwa njiani na nadhani ni yeye. Hakunifukuza. Alifungua faili, akanionyesha karatasi: zimetoka thelathini. Chini yake, zimepokelewa thelathini. Kusoma kwangu ni kwa shida, lakini ile L ya kwenye sahihi, yenye mkia uliojikunja kama ndoano nilijifunza kuiandika kwa fimbo kabla sijaijua herufi nyingine yoyote.

Hata hapo nilikutetea. Nikasema Jailos alikusainisha kwanza, halafu akashusha mzigo pungufu. Nikamwita mwizi mbele ya makuli wenzangu, mimi nisiyesema. Jailos, kaka, yule mwenye maneno, hakunijibu hata moja. Wiki mbili alinipita kama nguzo. Ijumaa iliyopita akaja nilipokuwa nakula, akakaa, akasema ataniambia mara moja tu. Kwamba mlipofika Chimala ulimwambia asimamishe kwa yule mfanyabiashara wa darajani, ukashusha magunia ishirini na moja. Aliuliza. Ukasema ghala la kijiji linavuja, hayo yatafuatwa na mikokoteni. Alipouliza tena kwa nini basi uliandika thelathini, ukamgonga bega ukicheka, ukamwambia asihangaike, kwamba Ngolo anajua kila kitu, Ngolo ndiye aliyepanga. Akaniamini mimi, kaka. Kwa jina langu akawasha gari.

Sasa niseme langu, maana hili hakuna anayelijua zaidi yako. Siku ile ya kupakia tulikula wali hapa mjini, pale Mwanjelwa. Uliniwekea nyama yako kwenye sahani yangu. Hukuwahi kunifanyia hivyo tangu tukiwa wadogo. Ukaniambia unajivunia mimi, halafu ukaniuliza, kama mtu anayepitisha muda, chumvi itakatika lini katika maduka ya njia ile, na wapi itaanza kukatika. Nikafurahi kuulizwa. Nikakueleza yote. Kwamba Chimala itaisha wiki ya tatu ya mwezi wa kwanza. Kwamba huko bondeni hakuna gari mpaka mwezi wa tano. Kwamba mwenye chumvi wakati huo watu watampa chochote anachotaka. Nilikuhesabia kwa punje za wali, moja moja, juu ya meza. Kwa hiyo nawe hukuiba kwa kubahatisha. Mimi ndiye niliyekuonyesha siku na mahali.

Hilo ndilo kosa langu, na nimelibeba. Lakini kumfanya mayu akae na jiko la baridi kwa kosa lako, na wewe uko ng'ambo ya zizi unaona moshi wa kila nyumba isipokuwa wake, hilo silibebi.

Nimekaa siku nyingi nikijiuliza kwa nini sikuona. Najua wiki ambayo kijiji cha watu nisiowajua kitaishiwa mafuta ya taa. Wewe nimelala nawe ngozi moja miaka kumi, na sikuona. Labda ni kwa sababu kwako sikuwahi kuhesabu.

Barua hii anakuletea Jailos Alhamisi, gari ya kwanza tangu maji yapungue. Anakupa mkononi, hataisoma. Mimi nafuata Jumamosi, siku ya mkutano. Karatasi yenye L yako Bwana Philbert amekubali kuja nayo mwenyewe. Nitasimama. Sitasukumwa mgongoni safari hii. Nitaanza na langu, lile la Mwanjelwa, nilitoe lote, halafu nitamgeukia Mzee Nkuba nimwambie aulize yaliyobaki kwa mwingine. Ukisimama wewe kabla yangu, ukasema kwa mdomo wako, mimi nitakaa, na Bwana Philbert hatafungua mfuko wake. Sijui utafanya lipi. Kweli sijui.

Jailos nimemwomba radhi. Amesema atafikiri, ila nimnunulie chai mwezi mzima wakati anafikiri.

Basi kaka, mkono umechoka. Msalimie shemeji Regina, mwambie habari ya kigae ilinifikia na namshukuru. Wasalimie watoto, kila mmoja kwa jina lake. Msalimie Kashindye ukimwona. Mayu usimpelekee salamu zangu, nitampa mwenyewe. Wewe mpelekee moto. Una Alhamisi jioni na Ijumaa nzima, kabla watu hawajajua kwa nini unaupeleka.

Ni mimi mdogo wako wa tumbo moja,
Ngolo