Nimshukuruje Mama Kalale?

Mshauri mpendwa, shikamoo kama umenizidi umri, na kama sivyo basi pokea salamu zangu hivyo hivyo. Mimi ni dereva wa malori ya kuvuka mipaka, navuta trela la nondo, na naomba unisaidie kwa jambo ambalo wenzangu wakilisikia wanacheka, kwamba kuna mtu ameniokoa maisha na sijui namna ya kumwambia asante.

Ilipokuja ile sheria mpya ya mapumziko sisi madereva tuliichukia kama njaa, maana kila lori la safari za nje sasa limefungwa kifaa kinachorekodi umeendesha kwa muda gani, na ukifika mpakani ikaonekana hujapumzika unachukuliwa leseni, unaelekezwa maegesho, ulale kwanza. Pale tunapopita kuna mkaguzi mmoja mwanamke, hana maneno mengi, akishasoma kifaa anasema tu, "Kalale." Basi tukambatiza Mama Kalale, na jina likashika hadi makuli wanamwita hivyo.

Siku hiyo tajiri mwenye lori alinipigia simu njia nzima, mzigo unasubiriwa, mzigo unasubiriwa, nami nimekanyaga mafuta tangu jana yake, kichwa kinagonga, nikajiambia ni njaa tu, nikishauteremka ule mlima wa mbele nitakula. Nikafika mpakani, Mama Kalale akapanda ngazi ya kabini, akasoma, akaninyooshea mkono nimpe leseni. Nikapandwa na hasira, nikamwambia mbele za watu, "Mama, kwani nyumbani kwako huna watoto wa kulaza?" Wenzangu wakaangua kicheko. Yeye hata hakupepesa macho. "Ninao. Na wewe unao. Kalale."

Nikajitupa kwenye kitanda cha nyuma ya kiti, nimevimba kama andazi. Niliposhtuka, mkono wa kushoto haunisikii, nataka kuita, ulimi mzito kama si wangu. Ndipo mlango ukafunguliwa, kumbe ni yeye, amekuja kunirudishia leseni. Alipouona mdomo wangu umekwenda upande hakuuliza kitu, alipiga ukelele makuli wakaja mbio, wakanishusha, wakanilaza kwenye gari la ofisi yake, na yeye mwenyewe akakaa nyuma amenishika kichwa mpaka hospitali. Daktari akasema ni kiharusi, presha ilikuwa imepanda siku nyingi bila mimi kujua, na kwa kuwa nimewahishwa nitapona. Kisha akauliza nilikuwa naelekea wapi. Nikaukumbuka ule mteremko, na soko lililo chini yake, na akina mama wanaopanga nyanya pembeni ya barabara. Nikalia.

Sasa nimepona, nimepimwa, nimeruhusiwa kurudi kazini taratibu. Mke wangu amenunua kitambaa kizuri cha gauni, anasema, "Baba watoto, tusiwe watovu wa shukrani, mpelekee." Lakini rafiki yangu aliyenifundisha kuvuta trela, na ndiye mwenyekiti wa umoja wetu wa madereva, amening'akia, "Ukimpa mkaguzi hata pipi, hiyo ni rushwa. Utamfukuzisha kazi!" Halafu huyo huyo anataka nisimame mkutanoni, mimi mkongwe, niunge mkono hoja ya kumhamisha Mama Kalale, eti anatunyanyasa. Nikikataa nitaitwa msaliti, na nikikubali, mke wangu nitamtazama kwa macho gani? Nifanyeje?

Niliyelazwa kwa nguvu

JIBU

Uliyelazwa kwa nguvu, pole kwa ugonjwa na hongera kwa kuwa hai. Wengi huniandikia juu ya waliowatenda mabaya. Wewe umekosa raha kwa sababu ya mtu aliyekutendea wema. Umenifurahisha, nami nakushukuru. Lakini kaka, kichwa kinagonga siku nzima unasema ni njaa? Wewe nawe!

Tuanze na kitambaa. Rafiki yako hapo kasema kweli. Nimemuuliza mtu anayezijua taratibu za wakaguzi, akaniambia hata zawadi ya moyo safi inaweza kumtia mama wa watu matatani. Mkeo akishone, akivae, mwende naye mpakani mchana kweupe, mikono mitupu. Mwombe radhi kwa lile neno lako mbele ya hao hao waliocheka, kisha umwambie asante. Usihutubie. Halafu mwandikie mkubwa wake barua, useme yote yaliyotokea na utie sahihi. Hiyo hakuna atakayeiita rushwa.

Sasa mkutano. Nenda, na usimame, lakini usimulie kama ulivyonisimulia mimi, pamoja na soko na nyanya zake. Atakayekuita msaliti mwache aite; wale akina mama sokoni hawakujui, na hawatajua kamwe walichoepushiwa. Wala usikae ukidhani umemaliza. Madereva wenzako wameniandikia kwamba maegesho hayo hayana kivuli, choo kimoja, maji ya kubahatisha, na tajiri anapiga simu dereva akiwa amelala. Hayo ni malalamiko ya haki. Yapelekeni kwa wenye malori na kwa waliotunga sheria. Mnamwandama mama mmoja anayefanya kazi yake kwa sababu mnamwogopa mwenye lori, na mnajua hivyo.

Rafiki yako usimwaibishe hadharani. Ndiye aliyekufundisha kazi inayokulisha, naye anastahili shukrani zako pia. Mfuate kwake kabla ya mkutano, mkae wawili, mwambie utakachosema. Asikasirike? Atakasirika. Mwache amalize, kisha muulize presha yake alipima lini. Akianza kujiumauma, mshike mkono, mwende zahanati siku hiyo hiyo.