Jenereta ya Aron na Chafya ya Mjukuu

Nyumbani Kimulot,
S.L.P. 38,
Kimulot.
25 Novemba 1999

Mpendwa wifi yangu Chepkemboi,

Nakusalimu sana kutoka huku kwenye baridi. Habari ya Garissa, na habari ya wagonjwa wako? Je, ule mguu uliokuwa ukivimba ukisimama sana wodini umepata nafuu? Mwanangu Kipkemoi aliniambia kwamba huko kwenu watu hulala nje kwa sababu ya joto. Mimi naandika nikiwa nimevaa sweta mbili, na ile ya juu ni ya kaka yako. Mikono yake ni mirefu kwangu, lakini imenifaa. Siku hizi naepua sufuria bila kutafuta kitambaa.

Sisi hatujambo. Yule ng'ombe mwenye pembe moja amezaa ndama jike, na maziwa yapo ya kutosha, hata maziwa ya mursik tumeweka vibuyu vitatu. Majani chai yanaendelea, ingawa mvua ya mawe ya juzi imetoboa kile kipande cha chini ya barabara kama mtu aliyekipiga risasi. Jambo la kushangaza ni kwamba redio inasema stima imepungua nchini kwa kuwa mvua imekataa kunyesha huko kwenye mabwawa. Huku kwetu tunaomba ipumzike kidogo.

Sasa nikupe habari ya mjukuu. Chemutai, mke wa Kipkemoi, alijifungua mtoto wa kiume tarehe mbili mwezi huu, alfajiri, kwa hivyo tunamwita Kipkoech. Alikuja kabla ya siku zake, akiwa na kilo mbili kasorobo. Unajua mambo hayo kuliko mimi. Kliniki walitwambia tumweke mahali penye joto wakati wote, na wakatukataza kabisa kuweka jiko la makaa chumbani. Kipkemoi akaenda Kericho akarudi na hita ya stima, mpya, ndani ya katoni yake. Tulifurahi kwa siku nne.

Siku ya tano ratiba ya kukata stima ikabandikwa ukutani pale kituo cha majani chai. Sisi tulipewa Jumanne na Ijumaa, kuanzia saa nane mchana hadi saa mbili za usiku. Niliisoma mara mbili nikiwa na kikapu mgongoni. Halafu nikakumbuka kile kitu kilichofunikwa kwa gunia ndani ya ghala kuukuu la mahindi.

Ulikuwepo siku kaka yako Aron alipoileta ile jenereta kutoka kwa fundi wa Kapsoit, kabla stima haijafika huku. Alikuwa akiiwasha kanisani wakati wa mikutano mikubwa, na nyumbani Krismasi. Stima ilipokuja akaifunika. Na yeye alipotuacha mwaka jana mwezi wa Machi, mimi sikuigusa tena. Kuku walipata mahali pa kutagia nyuma yake. Nilikuwa naingia, nachukua mayai, natoka bila kuitazama.

Aliyenisaidia ni Opiyo, yule jirani anayefanya kazi kwenye bweila za mvuke za kiwanda cha chai, ambaye Aron alikuwa akisema anaongea kuliko mashine anazozitunza. Alikuja Jumapili baada ya kanisa, akatoa gunia, akafukuza kuku, akasafisha plagi na kumwaga petroli yote ya zamani. Chini ya tangi alikuta mkebe wa vyombo vya kaka yako. Ndani mlikuwa na spana mbili, kamba, na kipande cha sabuni kilichofungwa kwa gazeti. Unakumbuka nilivyokuwa nikimgombeza kwamba anashika kikombe kwa mikono ya petroli? Kumbe alikuwa na sabuni yake huko huko, ananawa kabla ya kuingia nyumbani, na mimi nikidhani maneno yangu hayamwingii. Ile sabuni imekauka na kupasuka, lakini alama ya kidole gumba bado iko. Nimeirudisha mahali pake.

Opiyo alikataa kuniwashia. Alisema yeye ana zamu kiwandani na hawezi kuja kila Jumanne na Ijumaa, kwa hivyo lazima nijifunze. Nikavuta kamba mara tatu, ikanguruma kidogo na kunyamaza.

"Mama Kipkemoi," akasema, "unavuta kama unaogopa kuiumiza. Vuta kama unamtoa ndama kwenye maziwa ya kuuza."

Nikavuta hivyo, ikawaka. Kuku hawajarudi kwenye lile ghala mpaka leo, na mayai natafuta chini ya michai.

Tangu siku hiyo naiwasha mwenyewe. Ilikuwa ikikaa kule ghalani, mbali na nyumba, na waya mrefu ulipita juu ya ua mpaka chumbani kwa mtoto. Usiwe na wasiwasi. Mtoto amefika kilo mbili na robo na ananyonya kama mwenye deni.

Sasa nifike kwa jambo lililonifanya nichukue kalamu, kwa maana linakuhusu wewe.

Kogo Chepkosgei, shangazi yenu na bibi wa wote hapa, alisema hawezi kukubali mtoto afikishe mwezi bila kuitiwa majina ya wazee waliotangulia. Kipkemoi alikuwa na mashaka kidogo kwa sababu ya kanisa, lakini Kogo alimwambia kwamba hata yeye Kipkemoi aliitiwa hivyo hivyo na bado aliimba kwaya. Tukakubaliana iwe Jumanne iliyopita. Chemutai aliweka sharti moja tu: asiwekewe ugoro puani kama zamani, kwa kuwa mtoto ni mdogo mno. Kogo alinung'unika, akasema hajawahi kusikia wazee wakiitwa kavu kavu, lakini akaurudisha ugoro wake kiunoni. Tungeita majina na kungoja. Jina ambalo mtoto angelipigia chafya, huyo ndiye mzee aliyerudi.

Wifi, sikumwambia mtu, lakini nilitaka jina moja tu. Nilitaka Aron. Mchungaji amekubali kwamba jina litakalotoka ndilo atakalombatiza nalo, liandikwe kwenye cheti. Baba yenu alikwisha rudi kwa mtoto wa ndugu yenu Kimeli, kwa hivyo nilijua safari hii nafasi iko wazi. Lakini nilijua pia kwamba Kogo anampendelea Mzee Mosonik wa ukoo wenu. Mimi nilimkuta Mosonik akiwa hai. Alikuwa mtu wa kuhesabu viazi vikiwa bado kwenye sufuria. Nikawaza, nitaishi vipi na mjukuu wa namna hiyo?

Jumanne, saa nane ilipofika, stima ikaenda kama ilivyoandikwa. Saa hiyo hiyo ikaja mvua kubwa ya upepo, nyumba ikawa giza. Paa la ghala lilikuwa limeng'oka bati moja na jenereta ingelowa, kwa hivyo Opiyo, ambaye hakuwa na zamu siku hiyo, na Kipkemoi waliibeba na kuiweka chini ya upenu wa nyumba, upande wa chumba kile. Wakaiwasha. Taa na hita vikarudi, nasi akina mama tukaketi kumzunguka Chemutai na mtoto.

Kogo alianza na Aron, kwa heshima yangu. Akaita vizuri, polepole, mara tatu. Nasi tukaitikia. Mtoto alikuwa amelala, hakutikisa hata kope. Nilitazama chini nikakunja mikono ya sweta.

Akaita mzee wa pili, wa tatu, wa nne. Kimya. Alipofika kwa Mosonik, mtoto akakunja uso, akafungua mdomo, pua ikapanda juu. Sote tukainama mbele. Nilishika kiti. Mtoto akapiga mwayo mkubwa, akalala tena. Chemutai alificha uso kwenye shali, na nilijua anacheka.

Tukazunguka majina yote mara ya pili, na hapana kitu. Huko nje mvua ilikuwa imepungua na jenereta ikaanza kukohoa. Tukamsikia Opiyo akiigombeza kwa sauti:

"Aron! Aron, ndugu yangu, wewe peke yako ndiye ulielewana na hii kitu. Aron, njoo uone mashine yako!"

Mtoto akapiga chafya. Kabla hatujatazamana, akapiga ya pili.

"Nani ameita hilo jina?" Kogo akauliza.

Opiyo akaleta kichwa dirishani, maji yakimtiririka. "Ni mimi, Kogo. Nisamehe, nilikuwa nagombana na jenereta."

Hapo ndipo tuliposikia harufu. Moshi ulikuwa umeanza kuingia chumbani. Najua utanigombeza, na una haki, Opiyo mwenyewe alikwisha nionya kwamba moshi ule unaua kimya kimya. Chemutai alimtoa mtoto mbio hadi chumba cha mbele, tukafungua milango yote, na Kipkemoi akaizima jenereta. Jana tulimpeleka kliniki, wakamsikiliza kifua, hana neno. Na Opiyo ameshajenga kibanda cha mabati mbali chini ya mti wa mpira wa uani, wala jenereta haitasogezwa tena.

Tulikunywa chai jikoni.  Kogo ndiye aliyeanza, akasema ile haikuwa chafya ya mzee, ilikuwa chafya ya moshi, na aliyeita si mwanamke wa ukoo, hata si mtu wa ukoo, ni Mjaluo anayefokea chuma. Nikasema sawa, Kogo. Nilikwenda kuchochea moto ambao ulikuwa unawaka vizuri tu.

Alipofika kikombe cha pili, Kogo akakiweka chini. Kisha akauliza, "Hawa wazee wote nilioita, walinusa nini?"

"Ugoro," Kipkemoi akajibu.

"Na baba yako alinusa nini?"

Kipkemoi akafikiri. "Petroli, Kogo. Petroli tu."

"Basi nyinyi mlitaka aje kavu," Kogo akasema, akimtazama Chemutai. "Na tulimwita kwa adabu mno. Aron akiitwa kula alikuwa akiitika mara ya ngapi? Mpaka mtu afoke. Huyu Mjaluo anajua kumwita kuliko sisi."

Opiyo alikuwa mlangoni na kikombe chake. Alisema kama ni hivyo basi anadai jogoo, kwa kuwa kwao mtu hafanyi kazi ya ukoo mwingine bure. Kogo akamwambia kuku wamehama ghala kwa sababu yake, akawatafute kwanza.

Hata hivyo Kogo hakumaliza shauri. Alisema yuko mtu mmoja ambaye hakuwepo, dada wa marehemu, ambaye kwa haki ndiye angeketi pale na kuita. Wewe ukikubali, mtoto ni Aron. Ukikataa, tutaita upya siku yenye stima.

Kwa sababu shauri limekuja kwako, ni lazima nikwambie kitu ambacho sikumwambia Kogo. Dirisha lile lilikuwa limefungwa. Mimi ndiye niliyelifungua, upana wa kiganja, wakati tulipomaliza kuita mara ya kwanza. Sikufungua ili moshi uingie, hata sikuufikiria moshi, na nikikumbuka mtoto alivyo mdogo bado moyo unaniruka. Nilitaka kuisikia ile jenereta. Kule ghalani sauti yake ilinifikia kidogo tu, lakini siku hiyo ilikuwa chini ya upenu, pale pale alipokuwa akiisimamisha Krismasi, na ililia vile vile. Mtoto alikuwa amekataa jina, nami nikasema moyoni, angalau niisikie vizuri. Kwa hivyo kama moshi umeharibu jambo, mkosaji si Opiyo wala mvua. Ni mimi.

Nimekueleza yote bila kuficha. Ukiona haifai, nitakubali, wala sitakununia. Hata akirudi Mosonik nitampikia viazi na kumwachia ahesabu. Lakini ukiona inafaa, usijisumbue kuandika barua ndefu ukiwa umechoka na kazi. Iandike bahasha kwa jina la mtoto, Aron Kipkoech, sanduku letu ni lile lile. Yule mama wa posta akiniita na kuniambia ana barua ya mtu asiyemjua, nitajua jibu kabla sijaifungua.

Kesho ni Ijumaa. Nimeshanunua petroli, na mikono nitanawa kabla ya kumshika.

Kogo Chepkosgei anakusalimu na anauliza kama huko Garissa kuna ugoro mzuri. Kipkemoi na Chemutai wanakusalimu. Kimeli na watu wake wanakusalimu. Opiyo pia, na anasema ukija umletee tende. Mungu akulinde kwenye joto hilo, aupoze mguu wako, akurudishe kwetu ukiwa mzima umshike huyu mtoto kwa mikono yako.

Ni mimi, wifi yako anayekuwaza kila siku,

Joan
(Mama Kipkemoi)