Melkizedeki Wetu wa Kikosi cha Mbwa

Ni mwaka mmoja sasa tangu ukuta wa ghala ulipokuangukia kule Dar es Salaam, mwanangu Melkizedeki. Huku kwetu Gonja nzima hakuna mwanamke mwenye moyo mgumu kama mama yako: sijalia mbele ya mtu. Labda kanisani. Na gulioni Maore, nilipoona kijana amevaa fulana kama yako. Na juzi ndani ya basi, kondakta akanipa kiti cha mbele akidhani naumwa jino, nami nikakaa.

Ulipoingia polisi tulidhani utaongoza magari, umevaa glovu nyeupe. Ukaandika kwamba umepewa mbwa. Baba yako mdogo Eliufoo akaisoma barua mara mbili, akauliza, "Kaacha mbuzi wetu huku, kaenda kuchunga mbwa wa serikali?"

Ulimwita mbwa wako Sabuni, maana mwaka ule sabuni haikuonekana popote. Ukatuhadithia kwamba ukimwita jioni, wanawake wa kambini wanatoka na mabeseni.

Kikosini mbwa hula kwanza, ulisema. Sabuni akala nyama, wewe ukasubiri ugali wa Yanga, ule wa mahindi ya njano, na maharage, wala hukunung'unika. Hata hapa nyumbani hukunawa mikono kula kabla mbuzi hawajapata majani. Mkeo Hedwiga alikuwa akigomba kwamba chakula kinapoa. Sasa kinapoa na hagombi.

Sajini Wilbard, mkubwa wako, ndiye aliyeleta jeneza lako. Aliketi jikoni kwangu, kofia magotini, hakunificha kitu.

"Mama, mbwa aliwanusa wezi, akaingia ghalani mbio. Ukuta ulikuwa mbovu. Tulimpigia kelele, achia kamba! Alikuwa ameizungusha mkononi mara mbili."

"Ndivyo mnavyofundishwa?"

"Tunakatazwa, mama. Alikuwa akihofia mbwa asimponyoke akagongwa na magari."

Siku hizi, mwanangu, maduka ya Same yana sabuni za kila rangi, na mitumba imepanda mpaka huku milimani. Sukari tu ndiyo bado ya foleni. Umeondoka mapema.

Linaloninyima usingizi ni mdogo wako Elibariki. Anakitaka kikosi chako. Mwezi wa pili nilimkuta nyuma ya zizi na mbwa wa jirani, anamfundisha kukaa, kamba ameizungusha mkononi. Nikahesabu: mara mbili. Nikakaa juu ya kinyesi cha mbuzi bila kujua.

Nikamwambia, "Wewe baki unilimie tangawizi. Nimeshazika mmoja."

Akaapa kwa jina lako kwamba hatakwenda popote.

Leo asubuhi kaniaga kwamba anashuka Same kutafuta sukari. Nimefika hapa katika kuandika, naye ndiye huyo anaingia, viatu mkononi, nyayo zimechubuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sukari iko wapi?"

"Imeisha naiona hivi hivi, mama. Watu walikuwa wengi, mpaka tukaandikwa namba."

"Pole, baba. Nenda ukanawe."

Akavua shati penye mfereji. Kweli aliandikwa namba. Arobaini na sita, kwa wino mweusi, katikati ya kifua.

"Elibariki, siku hizi kwenye foleni ya sukari wanawapima vifua kama wanaoingia polisi?"

Hutatutoka moyoni, mwanangu, maisha yetu yote. Ni sisi: mkeo Hedwiga, binti yako Victoria, baba yako mdogo Eliufoo, mimi mama yako Nakijwa, na mdogo wako Elibariki, ambaye mpaka naandika mstari huu bado ameshikilia shati kifuani.