Sahani ya Baba Mkwe

Mjukuu wangu Zuhura,

Pokea salamu zetu kutoka Garsen. Sote wazima, mama yako amemaliza kuvuna mpunga na mbuzi wake amezaa mapacha. Unaniuliza kama enzi zetu watu walipimwa damu, maana huko Nairobi wanataka kukupima vitamini na wewe unaogopa sindano.

Mimi nilipimwa miaka ya hamsini, nikiwa na mimba ya mama yako. Dresa wa zahanati alinitoboa kidole, akadondosha damu kwenye karatasi nyeupe, akailinganisha na rangi zake nyekundu. Yangu ilikuwa hafifu kama maji yaliyosuuza nyama. Akanipa ile karatasi, akaniambia nile maini.

Lakini nyumbani kwetu maini yalikuwa ya baba mkwe peke yake. Mbuzi alipochinjwa, niliyapika, nikayapeleka kwenye mkeka wa wanaume, nikaweka sahani na ile karatasi kando yake.

"Baba, hii ndiyo damu yangu na ya mjukuu wako. Dresa anasema dawa yetu ni hii sahani."

Mzee aliitazama karatasi, kisha akaisukuma sahani kwangu.

"Kaa hapa hapa, ule."

Nikala mbele yao wote, na sikubakisha kipande!

Niliporudi zahanati, tone langu lilikoza hadi dresa akacheka. Mama yako naye alizaliwa na kelele za kuamsha kijiji kizima.

Kapimwe, mama. Hiyo sindano si kitu mbele ya mkeka ule. Na hapa kwetu, hadi leo, mbuzi akichinjwa maini huanzia jikoni, kwa wanawake.

Bibi yako,
Hadija