Dawa za Mzee kwa Mtoto Mchanga

Naetwe mjukuu wangu,

Nani kakufundisha kusema "labda haitarudi"? Si mimi! Jana ulinipigia simu na sauti yako ya uchovu, ukaniambia ile programu yenu ya hospitali itawashwa Jumatatu, kasoro yake ikiwa ndani, eti labda haitarudi.  Leo nakujibu.

Shule sikufika mbali, lakini uliyonieleza Krismasi tukimenya ndizi niliyashika. Ulisema kila kitu kinachoshikwa na kompyuta hupewa namba. Kikifutwa, namba ile hupewa kitu kipya. Sasa kuna mahali ndani ya programu pasipojua kwamba cha zamani kimefutwa: panaita namba ileile, anaitika mwingine. Kwenye majaribio mliita dawa za mtoto mchanga, zikaja za mzee.

"Na haikulalamika, bibi," ulisema. "Ni kama matofali ya Zefania."

Unakumbuka? Marehemu baba yake alikuwa na zamu ya maji ya ndiva, bwawa letu la kumwagilia. Alipofariki, Zefania hakulima kile kitalu alichoachiwa. Akaanika humo matofali mabichi ya nyumba yake. Hakuna aliyekwenda kumwambia mgawa maji. Zamu ya marehemu ilipofika, mfereji ukafunguliwa kama kawaida, na maji yakafika palepale yalipotumwa, matofali yakawa tope. Wewe ulikuwa mdogo, ukaruka kwenye lile tope ukishangilia, mpaka Zefania akakuuliza, "Unachekelea nyumba yangu, we mtoto?" Ukajificha nyuma ya kanga yangu.

Yale yalikuwa matofali, Naetwe. Alifyatua mengine. Mtoto hafyatuliwi mwingine.

Tangu jana, nikimwona mama anashuka Same na kichanga mgongoni kwenda kliniki, namtazama mpaka apotee kwenye kona. Naogopa. Nakuogopea na wewe, uliyekataa kula kwa sababu ulikanyaga kifaranga. Hili utalibeba wapi?

Kompyuta inavyotengenezwa mimi sijui. Hiyo ni kazi yako, na kanisani wote wanajua ninavyoringa nayo. Usinifanye niringe kwa uongo! Bosi wako akinuna, anune.

Usinipigie kunijulia hali. Nenda kwake sasa hivi, mweleze mbele ya wenzako kama ulivyonieleza mimi, na programu hiyo isiwashwe mpaka umpate anayeita namba ya aliyefutwa.

Bibi yako