Kusepa Kilema

Jumapili, Kiboriloni

Bado najilaumu. Leo kule Kilema nilisimama nikasema, "Mama, mimi nasepa." Akauliza kusepa ndiyo nini, na neno hilo nimelitoa wapi. Nikamjibu ni kuondoka chapchap, nililiokota chuoni Dar. Asili yake hata mimi siijui.

"Haya," akasema, akachukua panga kwenda migombani kunikatia ndizi. Kwetu mtoto hashuki mjini mikono mitupu. Sikumngoja. Nikapaza sauti kwamba nimechelewa, nikateremka mbio.

Nilikuwa nawahi nini? Nimefika hapa, nimefua soksi jozi mbili, basi.

Jioni akapiga simu. Hakulalamika.

"Ndizi zako ziko mlangoni, mwanangu. Zenyewe hazijui kusepa."