Fomu ya Ubora na Ustadhi Rajabu

Jumatatu, 10 Julai 1995
Baridi kali. Kama mwalimu wa taaluma wa shule yetu ya Kiislamu, nimekagua madarasa manne kabla ya adhuhuri. Fomu ya ukaguzi naipenda, nimeitunga mwenyewe baada ya semina ya ubora. Kila kipengele cha ubora nimekiwekea neno la dini: amana, uadilifu, ihsani. Meneja wa shule kafurahi. Siku hizi shule za binafsi zinafunguliwa kila kona, anasema, wazazi watachagua.

Jumatano, 12 Julai
Darasa la Ustadhi Rajabu. Anafundisha Kurani na fiqhi, yaani sheria za dini, tangu shule ilipoanza. Wanafunzi wanauliza, wanajibu. Andalio la somo hana. Azimio la kazi hana. Akafungua mkoba anionyeshe kitu. "Baadaye, Ustadhi." Nilikuwa na haraka. Nikampa sifuri mbili.

Ijumaa, 14 Julai
Kikao cha walimu. Nilisoma alama za kila mmoja mbele ya wote. Niliuita uwazi. Zake zilikuwa za mwisho. Mwalimu mmoja akacheka. Ustadhi akasimama. "Nimesikia, Mwalimu Zuhura." Akatoka. Ana umri wa baba yangu. Nilijisikia vibaya kidogo, kisha nikaenda kula.

Jumanne, 18 Julai
Kaacha kazi. Barua kaileta mkewe, Bi Somoe, pamoja na madaftari matatu. Kiswahili kitupu, kwa herufi za Kiarabu. Kila kipindi kimo: mada, nani hakuelewa, kesho aelezwe vipi.
"Herufi za kizungu zinampa tabu," kasema Bi Somoe. "Alitaka kukuonyesha haya."
Herufi hizo nazisoma tangu madrasa. Sikumuuliza. Nimemdhulumu mtu.

Alhamisi, 20 Julai
Nimemwomba Meneja tumrudishe. Hataki. Fomu imesema, basi. Fomu yangu. Ustadhi na mkewe wamesharudi kwao Namtumbo. Silali vizuri. Chakula hakishuki.

Jumapili, 30 Julai
Nimekwenda Namtumbo kwa basi la asubuhi. Nikamkuta uani anapukuchua mahindi.
"Shikamoo, Ustadhi."
"Marahaba, mwanangu."
Nikasema yote, bila kujitetea. Akanisikiliza mpaka mwisho.
"Nimekusamehe. Ila kurudi, hapana. Ungeniita pembeni tu."
Nikavuta kigoda, nikapukuchua naye. Bi Somoe akaleta chai. Tulizungumza habari za mvua na mavuno, basi.
Nimerudi Songea jioni. Mwalimu mpya bado hajapatikana. Kesho kipindi cha fiqhi nafundisha mimi.